Kimya cha Saa Tano

Doncaster, 18 Septemba 2022

Dada Bev,

Umebadilisha namba ya simu, na mimi ndugu yako nimejua kwa kuambiwa na mashine kwamba namba haipatikani. Haya. Nimerudi kwenye kalamu. Mwandiko wangu ni ule ule, usicheke.

Najua kwa nini umeibadilisha. Watu wanapiga kuniulizia mimi. Nusu wanataka kunipa mkono, nusu wanataka kunitoa roho. Mambo yamekuwa makubwa, dada. Mwaka juzi nilikuwa napaka rangi kuta za watu. Nikasema maneno mawili matatu pale stendi ya mabasi kuhusu wageni wanaopewa nyumba kabla yetu, mtu akanirekodi, na leo nikiingia baa siruhusiwi kujinunulia bia yangu mwenyewe. Jumamosi hapa Doncaster, kundi letu la Ngao ya Kaskazini liliujaza uwanja wote wa soko. Wanaimba Oldroyd, Oldroyd. Jina letu hilo, ambalo shuleni lilikuwa likiitwa tu mtu akitakiwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Baba je? Bado hataki kunisikia? Mwambie Novemba nakuja. Jumapili ya Mashujaa nitasimama pale kwenye mnara wa waliokufa vitani na vijana wangu, tumlinde akipiga tarumbeta. Unakumbuka ule mwaka alipougua mafua akaniachia nipige mimi? Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilipiga wimbo wa kuwaaga wafu nikiwa nyuma ya mnara, halafu saa tano ikagonga, Hadderley nzima ikanyamaza, na mimi peke yangu natembea kulizunguka lile jiwe kwenda mbele, tarumbeta nimeificha ndani ya koti isipate baridi, ili kimya kikiisha nipige wimbo wa kuamsha. Kimya kile kikianza, mpigaji tu ndiye anayeruhusiwa kutembea. Sijawahi kujiona mtu wa maana kuliko siku ile. Hata sasa, na kelele zote hizi.

Niandikie kwa anwani ya Shaun, msaidizi wangu kwenye Ngao. Mimi silali mahali pamoja.

Mdogo wako,
Craig

—

Hadderley, 27 Septemba 2022

Craig,

Namba nilibadilisha kwa sababu mtu alinipigia nikiwa jikoni pale shuleni, mikono imejaa unga, akaniambia anajua huwa naegesha gari wapi. Huyo sijui ni wa nusu yako ipi.

Baba hajambo. Mwaka huu hatapiga. Meno ya juu yametolewa yote, na bila meno mdomo hauna pa kuegemea, tarumbeta inatoa upepo tu. Bendi imeshapata mtu mwingine.

Kwa hiyo usije. Mnara ule haujawahi kuhitaji mlinzi tangu ujengwe. Njoo siku nyingine yoyote, peke yako, simu umeiacha kwenye gari. Nitakukaangia samaki, nitakupondea njegere, na wewe utagombana na baba mezani kama watu wengine wanavyogombana na baba zao. Hilo nitalivumilia. La mabasi na bendera sitalivumilia.

Umevimba kichwa, mdogo wangu. Nakuambia kwa sababu hao wanaokununulia bia hawatakuambia.

Bev

—

Doncaster, 6 Novemba 2022

Dada,

Barua yako nimeisoma, na nimeikunja vizuri. Lakini nakuja.

Kuna habari inazunguka kwenye simu kwamba watu wa msikitini wanapanga kuja kuvuruga kimya. Usiniulize imetoka wapi, kila mtu anayo. Mabasi yameshakodiwa, vijana wanatoka hadi Sunderland. Nikisema sasa hivi tusiende, Shaun ndiye atakayewaongoza, na jina litakaloimbwa ni lake. Huelewi mambo haya yanavyokwenda. Ukishaanza kutembea mbele ya watu huwezi kusimama ghafla, wanakukanyaga.

Hukusema huyo mpigaji mpya ni nani. Kama ni mtoto wa Hargreaves, mwambie asiiharakishe ile noti ya juu.

Mwambie baba aniangalie. Hilo tu. Nitakuwa upande wa maktaba.

Craig

—

Gerezani, mahabusu, 24 Novemba 2022

Dada Bev,

Basi sasa nalala mahali pamoja. Cheka kidogo.

Najua umeona kwenye taarifa ya habari, lakini sikiliza kutoka kwangu. Nilikuwa narusha video moja kwa moja kwa simu, watu elfu thelathini wananitazama. Saa tano imegonga. Naona msichana mwenye mtandio anatokea nyuma ya mnara, anatembea, mkono mmoja uko ndani ya koti. Wiki nzima nimeambiwa kuna mtu atakuja, na sasa mtu amekuja. Nikasema, "Huyo ana kitu." Basi. Mimi sikumgusa. Waliomvamia ni wale wa Sunderland, hata mji hawaujui. Waliponyanyuka nikaona damu kwenye mawe, na bado nilikuwa na simu mkononi.

Sasa naambiwa nimechochea vurugu. Video yangu mwenyewe ndiyo ushahidi wao. Wanasema alikuwa amebeba tarumbeta. Ningejuaje?

Wakili anasema nikipata anwani ya ndugu naweza kuombewa dhamana. Niandikie anwani ya nyumbani, tafadhali. Nitakaa chumba cha nyuma, hamtanisikia.

Craig

—

Hadderley, 2 Desemba 2022

Craig,

Ungejuaje. Nilisoma hilo nimesimama jikoni, nikalirudia.

Wewe ndiye mtu mmoja kwenye umati wote ule ambaye angejua. Wewe uliyetembea njia ile ile, saa ile ile, na kitu kile kile kifuani.

Nakueleza basi. Anaitwa Saima, binti wa Bwana Akhtar anayeendesha basi la hospitali. Ana miaka kumi na tisa. Baba amemfundisha kila Alhamisi tangu ulipohama, yeye akiwa bado mtoto, sebuleni kwetu, kwenye kiti chako. Tarumbeta ile ilikuwa ya baba, yenye bonyeo pembeni hapo ulipoiangusha kwenye ngazi. Baba alimpa mwenyewe asubuhi ile. Alikuwa amesimama karibu na mnara na chupa ya chai ya moto kwa ajili yake. Aliona yote. Alikuangalia, kama ulivyoomba.

Meno mawili ya mbele yametoka na mdomo umeshonwa. Januari alikuwa aende Manchester kupiga mbele ya walimu wa chuo cha muziki. Hataenda.

Utauliza kwa nini sikukuambia Septemba. Kwa sababu Oktoba ungelitaja jina lake mbele ya hao elfu thelathini, na wangejua anakaa nyumba gani. Sijuti.

Anwani sikupi. Lakini kuna jambo moja nalitaka kutoka kwako, na baba analitaka, na ndilo neno pekee alilosema juu yako tangu siku ile. Kiri kosa. Ukikana, kesi itasikilizwa, na Saima ataitwa kusimama mbele ya watu na kuulizwa maswali na wakili wako, huku wafuasi wako wamejaa barabarani wakimngoja atoke. Ukikiri, hataitwa. Ni hivyo tu. Usimfanye mtoto yule apite tena katikati ya watu wako.

Bev

—

Gerezani, 11 Januari 2023

Bev,

Barua yako ilisomwa kwa sauti. Lenny, ninayekaa naye chumba kimoja, ni mtu wa Ngao kabisa, amejichora ile ngao shingoni. Yeye ndiye msomaji wa barua zangu zote, na korido nzima hukusanyika kusikiliza. Ile ya zamani yenye samaki na njegere waliipenda sana. Hii hawakuipenda.

Jibu langu ni kwamba sikiri. Watu wa kawaida wamechanga kulipa wakili, wauza chipsi, wajane, madereva. Siku ya kesi watakuja kwa mabasi kutoka kila upande. Ningewaambia nini? Sijafanya kosa kwa kuipenda nchi yangu, na kama mnaona aibu kuwa ndugu zangu, hiyo ni shauri yenu.

Mpe baba salamu kama atazipokea. Ile tarumbeta imeharibika sana?

Craig Oldroyd

—

Hadderley, 20 Februari 2023

Craig,

Tarumbeta imepata bonyeo la pili. Fundi anaweza kulinyoosha, baba amekataa.

Saima amewekewa meno ya muda. Bado anakuja kila Alhamisi. Hapigi. Baba anamfundisha kupumua, wanakaa wawili sebuleni bila chombo chochote, unasikia tu pumzi zikihesabiwa. Nikipita na chai najikuta natembea kwa vidole. Nyumba ya Akhtar imerushiwa mayai mara kadhaa, na yeye mwenyewe amehamishiwa basi la asubuhi sana ambalo abiria ni wachache.

Na wewe Lenny, kwa kuwa najua unasoma hii kwa sauti, usiishie hapo, soma na hapa. Mwambie kila mtu koridoni kwamba huyo shujaa wenu alikojoa kitandani hadi darasa la nne, na aliyekuwa akibadilisha shuka kimyakimya ili baba asijue ni mimi. Halafu mwambie kwamba nilichomwomba ni kile kile, na sijachoka kukiomba. Kiri, Craig. Kesi ni Mei. Saima amepokea wito na ameuweka chini ya mto. Mama yake ndiye aliyeniambia.

Bev

—

Gerezani, 3 Mei 2023

Dada,

Hii inatoka kupitia kwa kasisi wa gereza. Lenny hajaiona na wala hataiona, kwa hiyo naongea.

Ile ya Januari niliiandika Lenny akiwa begani kwangu. Ulivyomwambia ya kitandani walicheka siku nzima, na nikacheka nao, halafu nilijifunika blanketi nikalia. Nilifurahi kusikia mtu ananitukana kama mtu wa nyumbani.

Wakili amenionyesha video yote. Sikuwa nimeitazama. Tarumbeta inaanguka, inazunguka juu ya mawe, inasikika kabisa, na mimi naendelea kuongea. Nilikuwa nimelelewa na sauti ile na sikuitambua hata ilipoanguka miguuni pangu.

Lazima ujue nilivyo. Humu ndani, nikiwa Craig wa Ngao, nalala usingizi. Nikikiri, watu wa kwangu wataniita msaliti, na wale wengine hawajawahi kunipenda, kwa hiyo kwenye foleni ya chakula sitakuwa na mtu mbele wala nyuma. Nje nako Shaun anauza fulana zenye uso wangu. Uso unatembea mitaani, mwenyewe siwezi. Anahitaji kesi, anahitaji nisimame kizimbani nikane, hata kunitembelea alikuja akiwa ameshaniandikia cha kusema.

Lakini Jumatatu nitakiri. Nimeshakata shauri. Mwambie baba. Mwambie na yule binti asihangaike, asitafute nguo ya kuvaa, hataitwa. Nimekupa neno langu.

Craig wako

—

Hadderley, 19 Mei 2023

Craig,

Tulimwambia Saima. Nilikwenda mwenyewe hadi nyumbani kwa Akhtar na barua yako mfukoni, nikamwambia, "Lala usingizi, binti, amekata shauri." Mama yake alinikumbatia mlangoni. Wito ukatolewa chini ya mto.

Baba alivaa koti la bendi kuja kukusikia. Tulikaa safu ya nyuma. Ulipoingia ulitutafuta kwa macho, nilikuona. Halafu ukainua uso juu kwenye viti vya umma, wamejaa, kila mmoja amevaa fulana yenye uso wako, na Shaun katikati amekunja mikono. Ukakohoa. Ukasema, "Sina hatia."

Walipiga miguu sakafuni hadi hakimu akatishia kuwatoa. Baba hakutikisika.

Siku ya tatu wakamwita Saima. Kuingia alipita katikati ya watu wako barabarani, polisi wawili kushoto na wawili kulia, na wao wanamzomea kwa nyimbo. Wakili wako, aliyelipwa kwa michango ya wajane, akamwuliza kwa nini alikuwa akitembea wakati mji mzima umesimama. Akaliuliza kwa upole sana, kana kwamba ndipo alipomnasa. Meno mapya bado yanamsumbua kwenye maneno, akaongea polepole. Akasema, "Mpigaji ndiye anayeruhusiwa kutembea. Muulizeni yeye pale. Mwalimu wangu aliniambia alitembea vizuri sana."

Wakili akasema hana swali zaidi. Wewe ulikuwa unatazama viatu vyako.

Miaka mitatu umepewa, uliisikia mwenyewe. Tulipofika nyumbani baba akaniuliza kama mlango wa nyuma nimeufunga.

Usiniandikie kwa sasa.

Bev

—

Gerezani, 25 Oktoba 2023

Dada Bev,

Hii ni ya nne tangu Mei. Zile tatu sijui ulizisoma au ulizichoma. Kasisi amenihurumia, anaipeleka tena.

Ngao imegawanyika. Shaun naye ana kesi yake sasa, na hawa waliobaki wanagombania nani alikuwa karibu nami zaidi. Lenny bado ananitandikia kitanda kama mke. Nikikohoa anauliza kama nataka maji. Sina hata pa kunyamazia.

Wanasema Januari naweza kutoka nikiwa na kile kifaa cha kufuatiliwa mguuni, nikiwa na anwani, na mwenye nyumba atie sahihi kwamba ananikubali. Watu wa Ngao wamenipa anwani zao, nyingi tu. Nikienda kwao sitatoka tena, unaelewa nisemavyo. Nitakuwa juu ya jukwaa kabla sijavua kiatu. Sina pengine ila kwenu.

Nakuomba. Mwombe na baba.

Craig

—

Hadderley, 13 Novemba 2023

Craig,

Jana ilikuwa Jumapili ya Mashujaa.

Hakuna aliyekuja kutulinda. Bendi ilitaka kuazima mpigaji kutoka mji wa pili, Saima akasema hapana, zamu ni yake. Alhamisi alijaribu sebuleni. Mdomo bado haushiki, noti ya juu inakatika. Baba akamwambia, "Basi utatembea tu, binti. Kutembea nako ni kazi."

Kwa hiyo wafu hawakuagwa kwa wimbo. Saa ikagonga tano, tukanyamaza. Akatokea nyuma ya mnara, mtandio mweusi, mkono ndani ya koti. Akatembea taratibu. Nilisikia viatu vyake kila hatua, na nilisikia watu wakiacha kupumua, maana kila mmoja alikuwa anakumbuka. Akafika mbele. Kimya kilipokwisha akaitoa tarumbeta, akaiweka mdomoni, ikatoka hewa tu.

Sasa wewe unajua kwetu, ni wimbo wa kuamsha ndio unaotufungua. Hakuna aliyewahi kufundishwa cha kufanya usipolia. Kasisi wetu akatazama saa yake, asithubutu. Meya ameshika shada lake. Watoto wenyewe walitulia. Tukasimama. Baridi ikanipanda hadi magotini na bado tumesimama, mji mzima, hakuna anayejua nani aanze. Nilifikiri tutakaa pale hadi giza liingie. Nikalia, Craig, na hata machozi niliogopa kuyafuta.

Mwishowe baba alitoka kwenye safu akaenda kusimama kando yake. Akamshika kiwiko, wakateremka ngazi pamoja. Ndipo watu wakavaa kofia zao.

Jioni baba aliomba barua yako. Aliisoma, akaomba miwani, akaisoma tena. Akaniambia: "Muulize, siku ile kizimbani alimwogopa nani. Akijibu hilo, tia sahihi."

Bev

—

Gerezani, 20 Novemba 2023

Dada Bev,

Barua hii haitapitia kwa kasisi. Nimeiandika hapa mezani, na Lenny amesimama begani kwangu anasoma kila mstari kama kawaida yake. Alianza kwa kuwasomea wengine mlangoni. Sasa anaisoma peke yake.

Mwambie baba niliwaogopa watu wangu mwenyewe. Niliwaogopa siku ile mnarani, nikawaogopa kizimbani, na Januari nilipokuandikia uongo nilikuwa nawaogopa. Saima hakuwa na kitu kifuani ila tarumbeta, na mimi ndiye niliyewatuma. Mwambie hivyo, na mwambie na Saima mwenyewe.

Lenny ametoka kwenda kuwaita wenzake wa Ngao. Milango humu haifungwi hadi saa kumi na moja, na sasa hivi ni saa tisa. Naifunga bahasha, halafu nitakaa hapa kitandani niwangoje.

Craig